Mzazi, unajua kilichofukiwa kwenye bustani yako?

Nyumba ikikamilika, mafundi huondoka na mwiko, pima maji na ndoo zao. Kinachobaki uani ni kifusi: vipande vya tofali, zege lililomwagika likaganda, marumaru zilizovunjika, misumari iliyopinda, waya wa kufungia nondo, makopo ya rangi, mifuko ya saruji, vipande vya mabomba na nyaya za umeme. Kukodi gari la kukibeba ni gharama nyingine, na kwa kawaida wakati huo mwenye nyumba hana hata ya kununua pazia. Basi jembe linachukuliwa, shimo linachimbwa nyuma ya jiko, kila kitu kinaingia humo na udongo unarudishwa juu. Kesho yake ua unapendeza.

Mwaka unaofuata, pale pale panapandwa mchicha.

Mkoa wa Mara unajengeka kwa kasi. Ukipita Bweri na Nyasho mjini Musoma, Balili na Nyasura kule Bunda, au kando ya barabara inayoingia Butiama, utaona tofali, mchanga na kokoto zimerundikwa mbele ya viwanja. Na karibu kila mama unayemkuta nyuma ya nyumba yake ana tuta moja au mawili ya mboga: sukuma wiki, mgagani, mnafu, matembele. Bustani hizo ni baraka. Zinapunguza matumizi ya sokoni na zinawapa watoto mboga fresh kila siku. Kwa hiyo makala haya hayakuambii uache kulima nyumbani. Yanakuomba uchimbe kidogo, uangalie chini kuna nini, kabla mtoto hajakigundua kwa mguu wake.

Udongo nao hautunzi siri. Sehemu kubwa ya tambarare za Bunda ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zikinyesha. Kuvimba na kusinyaa huko husukuma vitu vigumu kuelekea juu, msimu hadi msimu. Musoma kwenye miamba na miteremko, kazi hiyo hufanywa na maji ya mvua: yanakwangua udongo wa juu na kuacha vigae na misumari wazi. Ndiyo maana wazazi wengi hushangaa kuona chupa iliyovunjika mahali walipopalilia vizuri mwezi uliopita.

Mboga kuwa njano si lazima ziwe zimerogwa

Mama mmoja wa Bunda aliniambia alibadilisha mbegu za sukuma wiki mara mbili akidhani muuza pembejeo amemuuzia zilizopitwa na wakati. Mboga zilikuwa zinaota, kisha majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Tuta la pili, hatua chache tu kutoka hapo, lilistawi. Tofauti ilikuja kujulikana alipochimba: tuta baya lilikuwa juu ya mahali mafundi walipokuwa wakichanganyia zege.

Saruji na chokaa huufanya udongo kuwa na alikali nyingi. Mboga nyingi hupenda udongo wenye pH kati ya 6 na 7, ilhali saruji mbichi huwa na pH ya 12 hadi 13. Udongo ukipanda juu ya 7.5, madini ya chuma, zinki na manganizi yanakuwepo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyafyonza. Mmea unakaa na njaa mezani pa chakula. Kuongeza mbolea ya dukani hapo ni kumwaga hela.

Kuna kipimo cha jikoni. Chukua udongo mkavu vijiko viwili, weka kwenye kikombe, mimina siki. Ukiona unatoa povu na kuchemka kidogo, una chokaa au saruji ya kutosha kukusumbua. Usipotoa povu, angalau saruji siyo tatizo lako kubwa. Ila siki haikuambii lolote kuhusu sumu nyingine, usije ukafurahi ukaishia hapo.

Tuseme ukweli pia kwamba si kila kifusi ni adui. Vipande vya tofali za kuchoma havina madhara kwa mboga, vinazuia tu mizizi kushuka. Ukuta wa nyumba ya zamani ya tope na miti, kama zile zinazobomolewa vijijini Butiama watu wanapohamia kwenye tofali, ni udongo tu. Urudishe shambani bila wasiwasi, mradi haukupakwa rangi ya mafuta. Zege lililokaa miaka mingi kwenye mvua nalo hupungua ukali. Kinachohitaji macho makali ni misumari, vioo, rangi na mbao za paa.

Msumari na samadi kwenye shimo moja

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa afya naomba tukae kidogo.

Watu wengi wanaamini kwamba pepopunda husababishwa na kutu. Kutu haina kosa. Pepopunda husababishwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, wakiwemo ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbegu hizo ni ngumu kufa na huweza kukaa ardhini kwa miaka. Bakteria hao hawapendi hewa, kwa hiyo kidonda kinachowafaa ni kile chembamba kilichozama ndani, ambacho juu kinafunga haraka. Yaani kidonda cha msumari.

Sasa fikiria bustani yetu ya kawaida ya Mara. Tunafuga, na samadi ndiyo mbolea yetu ya kwanza. Tunaimwaga juu ya udongo ule ule tuliofukia misumari ya paa. Msumari unafanya kazi ya sindano, samadi inatoa kile kinachodungwa. Halafu mtoto anatumwa kuchuma mboga akiwa pekupeku.

Kuna jambo la chanjo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto wa Tanzania hupata kinga ya pepopunda ndani ya chanjo ya Penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kinga hiyo ni nzuri lakini haidumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri dozi tatu zaidi za kuiongezea nguvu: moja katika mwaka wa pili wa maisha, nyingine akiwa na miaka 4 hadi 7, na ya mwisho kati ya miaka 9 na 15. Wasichana wakija kuwa wajawazito huchanjwa kliniki. Kijana wa kiume wa miaka 11 anayecheza mpira nyuma ya nyumba anaweza kuwa hajaguswa na chanjo hiyo tangu alipokuwa hajaota meno. Itafute kadi yake ya kliniki leo, na kama hana dozi za nyongeza, muulize mhudumu wa afya afanyeje.

Mtoto akichomwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa, hata akilia. Usipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Usikifunge kwa kubana. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ingawa damu imekata na anachechemea kidogo tu, na beba kadi ya chanjo. Dalili za pepopunda hujitokeza kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, shingo kuwa ngumu, kushindwa kumeza, mwili kukakamaa anapogutuka kwa kelele au mwanga. Ukiona hata moja, hiyo si safari ya zahanati wala ya kumsubiri mjomba arudi. Ni hospitali moja kwa moja.

Rangi iliyobanduka

Sumu inayonipa wasiwasi zaidi kwa watoto wadogo haichomi wala haina harufu. Ni madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiwekwa kwenye rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Nchini, shirika la AGENDA limekuwa likipima rangi za madukani tangu mwaka 2009 na kukuta risasi katika baadhi yake. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kisichozidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Rangi za maji za ukutani kwa kawaida hazina shida hiyo. Tatizo lipo kwenye rangi ya mafuta ya milango, madirisha, mageti na fanicha, hasa iliyopakwa zamani, na hasa zile za njano, nyekundu na kijani kilichokolea.

Unapokarabati nyumba ya zamani, fundi anapiga msasa mlango, vumbi linadondoka chini, maganda ya rangi yanafagiliwa hadi kwenye shimo. Risasi haiozi. Miaka 20 baadaye itakuwa pale pale, na kwa kawaida hubaki kwenye udongo wa juu, ambapo mtoto anacheza.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwenye damu ya mtoto. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inagusa ubongo wakati unapojengeka: mtoto anakuwa mzito kujifunza, hatulii, hasira za ghafla, na wakati mwingine upungufu wa damu usioeleweka. Hakuna mzazi atakayeangalia tabia hiyo akaiunganisha na mlango uliopigwa msasa miaka mitatu iliyopita. Mwaka 2020, ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu.

Jirani zetu Kenya wana somo chungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Kilipofungwa, risasi ilibaki kwenye udongo na kwenye damu za watu. Wakazi walishtaki, mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha haki yao. Maganda ya rangi uani kwako hayafikii kiwanda, nisikutishe. Lakini udongo hautofautishi risasi imetoka wapi.

Kwa mboga, risasi hupatikana zaidi kwenye majani na mizizi kuliko kwenye matunda. Sehemu kubwa hata haiingii ndani ya jani, ni vumbi lililorukia juu yake mvua iliponyesha. Ndiyo maana kuosha mchicha mara tatu na kumenya viazi si usafi wa kujionyesha. Na kikubwa kuliko mboga ni mkono wa mtoto: anashika udongo, anaupeleka mdomoni. Ninyi kina mama wajawazito mnaopenda udongo, msichote kamwe uani wala ukutani kwenye nyumba. Ukiona hamu hiyo imezidi, waambie kliniki wakupime wingi wa damu.

Chakula kinasaidia. Mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Dagaa wa ziwani wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, maharage, na kipande cha chungwa au pera baada ya mlo. Hivyo vyote vipo Mara.

Mbao za kijani, paa la kijivu na mchanga wa Buhemba

Mbao za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi huwa zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Zikiwa juu ya paa hazina shida. Vipande vilivyobaki ndivyo vinavyoniudhi, kwa sababu mama anaviona ni kuni kavu za bure. Usivipikie. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu zaidi, na sisi tuna desturi ya kumwaga majivu kwenye mboga ili kufukuza wadudu. Mbao zenye rangi ya mafuta nazo ni hivyo hivyo, na mabomba ya plastiki yasichomwe kabisa.

Ukikuta vipande vya paa vya kijivu vyenye migongo, vigumu kama saruji na vyenye nyuzi pembeni vilipovunjika, vinaweza kuwa asbesto. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006 kwa sababu nyuzi zake zikivutwa huleta saratani miongo kadhaa baadaye. Usivivunje, usivichekeche. Vilowanishe maji, vifunge kwenye nailoni nzito mara mbili, weka mbali na watoto, mpigie ofisa mazingira au afya wa halmashauri.

Na kwa ndugu zangu wa Buhemba na maeneo mengine ya dhahabu: mchanga wa marudio uliokwisha kuoshwa kwa zebaki usiletwe nyumbani kujazia kiwanja wala kutengenezea tuta, hata ukipewa bure. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini zebaki iliyokwisha mwagika haisomi mikataba. Vivyo hivyo Musoma, mji wa mawe, ambako wengi hununua udongo wa kujazia: muulize dereva ameuchota wapi. Akijibu kwa kukwepa, mwache aende.

Namna ya kuchimba

Chagua siku udongo una unyevu kidogo, kwa sababu ukiwa mkavu unapumua vumbi. Watoto wakae ndani au kwa bibi yao. Vaa mabuti, glavu nene na ufunike mdomo na pua kwa kitambaa kilicholowa. Chimba vishimo vya majaribio kila baada ya hatua mbili, kina cha sentimita 30 hadi 40, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Ukikuta vipande viwili vitatu vya tofali, shukuru na ulime. Ukikuta tabaka zima, una kazi ya wikendi mbili.

Tumia sululu na koleo kuinua, kisha pitisha udongo kwenye chekecheke ya mchanga, ile ile wanayotumia mafundi wa plasta. Misumari midogo na waya hupenya. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu ya redio, ifunge kamba na uiburute polepole juu ya udongo uliochekechwa, mara mbili. Utashangaa. Mchezo wa sumaku watoto wataupenda, ila waupate na viatu vigumu miguuni na mtu mzima kando yao.

Tofali na zege safi jazia sakafu, njia ya kuingilia au mahali maji yanapokwangua ua. Chuma muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu, lakini tazama watoto wasianze biashara hiyo wenyewe. Vioo vitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Makopo ya rangi, betri na taa za mrija, ambazo zina zebaki, usizirudishe shimoni. Ziweke pamoja na uiulize halmashauri pa kuzipeleka. Hata kama jibu litachelewa, ndoo iliyofunikwa stoo ni afadhali kuliko tuta la matembele. Kopo lililo wazi nalo hukusanya maji na kukufugia mbu.

Udongo uliobaki uongezee mboji na samadi iliyooza vizuri, debe mbili tatu kwa kila mita moja ya mraba. Mboji hushusha alikali taratibu na pia huishikilia risasi isipande kirahisi kwenye mmea. Ukitaka uhakika wa pH, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, mkoani Mwanza, hupima udongo. Muone kwanza ofisa ugani wa kata akuelekeze namna ya kuchukua sampuli. Kwa hofu ya sumu, hasa kama kiwanja kilikuwa gereji au mahali pa kupaka rangi, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa ipo Mwanza.

Lakini kwa familia nyingi, njia rahisi ni kutopigana na shimo hilo. Liache, panda nyasi juu au weka kokoto, kisha lima kwenye viroba. Chukua kiroba cha kilo 50, jaza udongo unaoujua asili yake uliochanganywa na mboji, katikati weka mawe madogo maji yapite, toboa pembeni na upandike sukuma wiki kuzunguka. Viroba vitano vilivyotunzwa vinaweza kulisha familia mboga wiki hadi wiki. Kama ni lazima ulime juu ya udongo unaoutilia shaka, achana na mchicha na viazi, panda nyanya, bamia au bilinganya.

Kwa anayejenga sasa hivi, kazi ni nyepesi zaidi, maana ni mazungumzo tu. Kabla fundi hajaanza, mwonyeshe sehemu moja ya kuchanganyia zege, mbali na utakapolima, na umwambie wazi: fundi, misumari na waya viingie kwenye ndoo hii, rangi isioshwe hapa, na hakuna kitu kitakachofukiwa bila mimi kuona. Iweke kwenye makubaliano ya malipo. Mwombe pia asipige msasa mlango wa zamani ukiwa mkavu. Aulowanishe kwanza, chini atandike turubai. Siku zege linapomwagwa, watoto wasikanyage wala kuchezea. Saruji mbichi huunguza ngozi na macho, na maumivu yake huja baadaye, mtoto akiwa ameshalala.